Jack Cardiff na Vita vya Ziwa Letu: Picha Nzuri, Historia Nyingine

Wanafunzi wakiulizwa filamu fulani ni ya nani, wengi hutaja jina la mwigizaji. Mpigapicha hatajwi kabisa. Makala haya yanamhusu mpigapicha mmoja ambaye kazi yake inagusa historia ya ukanda wetu.

Jack Cardiff alizaliwa Great Yarmouth, Uingereza, tarehe 18 Septemba 1914. Wazazi wake walikuwa wasanii wa jukwaani, naye aliigiza tangu utotoni kabla ya kuhamia nyuma ya kamera. Hakusomea kazi hiyo chuoni. Alijifunza matumizi ya mwanga kwa kutazama michoro ya Rembrandt na Vermeer. Mwaka 1937 alishika kamera katika Wings of the Morning, filamu ndefu ya kwanza ya Technicolor kutengenezwa Uingereza. Black Narcissus (1947) ilimpatia Tuzo ya Oscar. Milima ya Himalaya inayoonekana humo ilichorwa tu. Filamu yenyewe ilipigwa Uingereza.

Mwaka 1951 Cardiff alikuja Afrika na mwongozaji John Huston kupiga The African Queen, iliyotokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935. Walifanya kazi Kongo, kwenye mto Ruiki, kisha Uganda, upande wa Ziwa Albert. Kamera ya Technicolor ilikuwa nzito, ikipitisha mikanda mitatu kwa pamoja, na ilibidi ielee juu ya chelezo. Wengi waliugua. Humphrey Bogart alipata Oscar ya uigizaji. Upigaji picha haukuteuliwa hata kushindania tuzo hiyo.

Sasa tuje nyumbani. Ukisimama kwenye daraja la Rusizi I, unaona maji ya Ziwa Kivu yakianza safari kwenda Ziwa Tanganyika. Huko ndiko kulikotokea vita vilivyompa Forester wazo lake. Meli kubwa ya Wajerumani iliitwa Graf von Götzen, kwa jina la yule Mjerumani aliyepita Rwanda na kufika Kivu mwaka 1894. Katika filamu, meli ya Wajerumani inalipuliwa kwa ujasiri wa wazungu wawili. Katika historia, Wajerumani wenyewe waliizamisha Götzen mwaka 1916 walipokuwa wakiondoka Kigoma. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba.

Je, Cardiff alidanganya? La. Mwanga wake ni wa kweli, na mto ule ni mto kweli. Lakini picha ikipendeza sana, mtazamaji husahau kuuliza maswali. Atawakumbuka Bogart na Katharine Hepburn, asijiulize kuhusu maelfu ya wapagazi waliobeba mizigo ya vita vile na kufa njiani, ambao wengi wao majina yao hayakuandikwa popote.

Cardiff alipewa Oscar ya heshima mwaka 2001, akafariki tarehe 22 Aprili 2009. Sisi walimu wa Kiswahili tuna la kujifunza kwake. Tuwaonyeshe wanafunzi filamu hii, kisha tuwape kazi mbili: waeleze kwa Kiswahili fasaha jinsi mwanga ulivyotumika, halafu wawaulize wazee wao kilichoachwa nje ya picha.