Miwani ya Uhalisia Pepe
Ala ya kuvaliwa kichwani, yenye kioo cha picha na lenzi mbele ya kila jicho, ambayo Mmarekani Ivan Sutherland aliidhihirisha mwaka 1968 ikiwa imeunganishwa na dari. Uzito wake ni mtihani kwa wasanifu: ukielemea puani, shingo huchoka, na wapagazi wa Kinyamwezi, waliotembea Bagamoyo hadi Tabora kwa miezi mitatu hivi, wangalifundisha elimu ya kusawazisha mzigo bila hesabu. Kwa mwenye kuivaa ili kuendesha roboti iliyo mbali, adui ni ukawiaji. Picha ikichelewa kukifuata kichwa kwa zaidi ya milisekunde 20 hivi, kichefuchefu humjia. Umbali wenyewe si kikwazo kikubwa: nuru ndani ya uzi wa kioo hukata masafa ya reli, Dar es Salaam hadi Tabora, takriban kilomita 840, kwa milisekunde 4 hivi. Muda mwingi wa ukawiaji huliwa na kamera na kompyuta.