Klondike (mchezo wa karata)

Klondike ni mchezo wa karata wa mtu mmoja, na ndiyo aina ya solitea inayojulikana zaidi kwenye kompyuta, simu na intaneti. Jina lake ni la eneo la Klondike, Kanada. Ulienea zaidi baada ya Microsoft kuuweka katika Windows 3.0 mwaka 1990.

Hutumia karata 52. Programu huzichanganya na kupanga 28 katika safu saba: ya kwanza karata moja, ya saba karata saba, ya juu tu ikiwa imefunuliwa. Zilizobaki 24 huwa akiba; mchezaji huibofya ili kufunua karata moja au tatu kwa zamu.

Katika safu, karata huburutwa na kushushwa kwa kupokezana nyekundu na nyeusi, mfano tisa ya shupaza juu ya kumi ya kopa. Safu tupu hupokea mfalme pekee. Mchezaji hushinda akijenga mafungu manne ya kopa, uru, shupaza na pau, kuanzia ree hadi mfalme. Si kila mgao unaweza kukamilishwa kwa ushindi.