Zabibu za Bara, Samaki wa Pwani

Neno mvinyo tulilipata kwa Wareno, waliofika pwani hii mwaka 1498. Divai limetoka katika Kifaransa, na makanisani ndilo linalosikika zaidi. Hata zabibu ni la Kiarabu, na huko asili yake ni ile iliyokaushwa. Ndiyo hiyo bibi zetu waliyoijua, ya kutia kwenye pilau. Kitu kisicho na jina la kwetu, aghalabu kililetwa na mgeni.

Na ndivyo ilivyokuwa. Katika karne ya 1 baada ya Kristo, baharia mmoja aliyeandika kwa Kiyunani kitabu kiitwacho Periplus alitaja bidhaa zilizoletwa pwani yetu: mikuki, mashoka, visu, vitu vya kioo. Mahali pengine, asema, walipeleka pia mvinyo na ngano, si kwa kuuza, bali kwa kuwapendeza wenyeji. Kitabu hicho hicho chasema kwamba kule Bara Hindi mvinyo wa Italia ndio uliopendwa kuliko mwingine. Wahindi waliuziwa, sisi tulipewa bakshishi.

Italia yenyewe mambo ni tofauti. Kwenye pwani za Liguria na Sardinia mzabibu uitwao Vermentino huota vilimani, bahari ikionekana chini, na mvuvi na mkulima ni majirani. Mvinyo wake ni mweupe, mwepesi, wenye uchachu na uchungu kidogo mwishoni, na hunywewa kwa samaki na dagaa. Hapana siri kubwa hapo: uchachu ule hufanya kazi ya ndimu.

Kwetu, mzabibu na samaki hawakupata ujirani huo. Mizabibu ya Dodoma ilianza mwaka 1957 huko Bihawana, kwa wamisionari Wakatoliki, waliohitaji divai ya misa. Nchi ya Wagogo ni kavu, iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 400 kutoka huko. Mzabibu uliipenda, huzaa mara mbili kwa mwaka. Mvinyo mweupe hutengenezwa hasa kwa Chenin Blanc, mbegu yenye asili ya Ufaransa.

Kwa nini basi chupa hiyo haikuzoeleka karibu na samaki wa Kariakoo? Wengi husema ni dini, na ni kweli kwa sehemu. Jirani yangu Mwislamu hanywi, nami sina la kumshawishi. Lakini wanywaji hawakukosekana. Nionavyo mimi, sheria ilitangulia. Kariakoo, iliyopata jina kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliitenga kuwa mtaa wa Waafrika, na kwa miaka mingi Mwafrika alizuiwa kununua vileo vya Kizungu kama apendavyo. Aliachiwa pombe ya nafaka na tembo la mnazi. Mzabibu ulipofika Bihawana, mvinyo ulikuwa umekwisha kujulikana kuwa ni kitu cha Uzunguni na cha altare.

Hasara yake inamwangukia mkulima wa Dodoma, ambaye zaidi ya mara moja ameona zabibu zake zikikosa mnunuzi, na huku mjini watu wakinunua chupa zilizovuka bahari. Nyingine hufika Kariakoo kama matunda tu, juu ya sinia la mchuuzi.

Nimejaribu mvinyo mweupe wa Dodoma, ule usio mtamu, kwa changu wa kukaanga. Ulipokuwa baridi sawasawa sikuhitaji ndimu. Kwa pweza pia ulifaa. Kwa samaki wa kupaka ulishindwa. Tui zito liliufanya uonekane kama maji. Hapo anayekunywa na achukue tembo, ambalo nalo ni jeupe, likilala huchachuka, na limetoka kwenye mti ule ule uliotoa tui.