Kilomita Zilizobaki Kabatini

Geji ya zamani ya Toyota ya baba iko nyumbani Umoja, juu ya kabati la mama, imefungwa kwa gazeti. Inasoma kilomita 412,806. Geji iliyokuwa kwenye gari tulipoliuza ilisoma 97,512. Gari ni lile lile moja. Mwaka jana ilibidi niamue kama mnunuzi ataona namba moja au zote mbili.

Lilikuwa Corolla 90, kizazi kilichoanza kuuzwa Japani mwaka 1987. Ili uelewe lilifikaje Umoja, rudi nyuma kidogo. Miaka ya 1970 na 1980, gari jipya Kenya mara nyingi lilikuwa limeunganishwa hapa hapa: Thika, Mombasa au Nairobi. Peugeot 504 ilitoka Mombasa. Kwa mtu wa Jericho au Makongeni, hilo lilikuwa gari la bosi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa, na meli zikaanza kushusha mitumba ya Japani kwa wingi. Wajapani wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, na ukaguzi wao wa lazima unafanya gari kuukuu liwe mzigo kwa mwenyewe. Mzigo wao ukawa bahati yetu. Namba za KAA zilikuwa zimeanza mwaka 1989, na herufi ya tatu ikakimbia kweli kweli.

Baba alinunua lake kwa kusambaza mkate: Kayole, Komarock, Dandora, kila alfajiri. Lilikuwa modeli ya chini kabisa. Dashibodi ilikuwa na mwendo, petroli na joto, basi. Alichotamani mzee kwa miaka yote ni RPM, ule mshale wa pili unaoruka ukikanyaga mafuta. Halafu siku moja kebo ya sipidomita ikakatika, naye akapata kisingizio.

Alienda Grogan. Kwenye ramani ni Kirinyaga Road, lakini hakuna anayesema hivyo akitafuta spea. Ewart Grogan alikuwa mlowezi aliyejulikana kwa safari ya kutoka Cape hadi Cairo, aliyoimaliza mwaka 1900. Barabara ilibadilishwa jina baada ya uhuru, wenye spea wakabaki na la zamani. Hapo baba alipata geji ya 110, kizazi cha 1995, yenye RPM, ikiwa imetolewa kwa gari lililopondeka. Kazi ya kuifunga ikafanyiwa Kariobangi Light Industries.

Fundi wake hakuwa na cheti, na hilo lina historia yake. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira Kenya. Ilisema mafundi wa vibandani, ambao askari wa kanjo walikuwa wakiwabomolea, walikuwa wanazalisha mali na ajira za kweli. Ilichukua hadi 1986 kwa serikali kuwapa nafasi ya maana katika mpango wake wa uchumi, na 1992 kuwaandikia waraka wao wa sera. Wao walikuwa wameshajiita jua kali kitambo: kichwa chako, jua, na katikati hakuna paa.

Sasa kazi yenyewe. Geji ya 90 inaendeshwa na kebo inayozunguka kutoka giaboksi hadi nyuma ya dashibodi. Kebo inazungusha sumaku, sumaku inavuta kikombe chepesi cha metali isiyonata kwenye sumaku, kikombe kinasukuma mshale. Mjerumani Otto Schulze alisajili ubunifu huo mwaka 1902. Geji ya 110 haina kebo. Inahesabu midundo ya umeme kutoka kifaa kidogo ambacho mafundi wanakiita sensa, midundo minne kwa kila mzunguko. Fundi alifungua kebo kwenye giaboksi, akaweka sensa tundu lile lile. Akatafuta nyaya moja moja kwa taa ya testa kwa sababu rangi hazikulingana, akavuta waya wa RPM kutoka kwa koili, akapiga tupa plastiki hadi geji ikakaa.

Na mshale ulisoma sawa! Kiwango cha Japani kinataka mizunguko 637 kwa kila kilomita, iwe ya kebo au ya sensa. Mwendo ulikuwa wa kweli. Uongo ulikuwa chini ya mshale, kwenye tarakimu: geji ilikuja na kilomita 71,240 za gari la mtu mwingine.

"Mzee, nikusongezee namba?" fundi aliuliza.

"Wacha ikae," baba akasema. Alikuwa na kitabu cha mazoezi cha kurasa 96 ambamo aliandika kila oili na kila mkanda. Usiku huo akaandika namba zote mbili na tarehe.

Baba alipofariki, kitabu kilikuja kwangu. Niliacha chuo mwaka wa tatu, historia ikiwa somo langu, na hiyo ndiyo kumbukumbu ya kwanza niliyowahi kufanyia kazi kwa dhati. 97,512 toa 71,240 ni 26,272. Jumlisha na 412,806, unapata 439,078. Hapo bado miezi mitano ambayo kebo ilikuwa imekatika na mkate ukifika Dandora kila asubuhi. Kwa miezi hiyo kuna tarehe tu.

Mnunuzi alikuwa kijana wa teksi kutoka Donholm. Alichungulia geji, akapiga mluzi. "Tisini na saba tu? Buda, hii nachukua na 230." Pesa hizo zilikuwa za macho ya mama, mtoto wa jicho pande zote mbili. Nilinyamaza. Nilimwambia arudi kesho.

Kesho yake nilimkuta mama amepanda stuli, anapapasa juu ya kabati. Aliweka geji mezani bila kusema neno, kitabu juu yake.

Yule kijana alisoma kurasa zote akiwa amesimama. Tulimalizana 190. Kitabu alienda nacho. Geji akaiacha, akasema hiyo haina kazi.

Mama alifanyiwa jicho moja, la pili bado linasubiri. Wiki moja baadaye kijana alinitumia ujumbe: amefungua injini, na mkanda wa taimingi ulikuwa umeisha kabisa, kama kitabu kilivyosema.