Wembamba si kinga ya lehemu

Ukikaa barazani hapa kwetu Pwani ukataja lehemu, ambayo wengi twaiita kolesteroli au mafuta ya damu, utaambiwa hayo ni maradhi ya watu wanene na wenye pesa. Mchukuzi mwembamba anayesukuma mkokoteni Kongowea mchana kutwa, eti hayamhusu. Imani hiyo yawazuia watu kwenda kupimwa, ndugu msomaji, nami nataka niivunje.

Lehemu yenyewe si sumu. Ni kitu mfano wa nta, na sehemu kubwa hutengenezwa na ini letu wenyewe. Mwili huitumia kujenga kuta za seli na kutengeneza homoni, vitamini D na nyongo. Basi mtu aweza kuwa mwembamba kama ufito, na ini lake likashindwa kuiondoa iliyozidi kwenye damu. Mara nyingine hilo ni la urithi. Ukisikia baba alikufa kwa moyo akiwa na miaka 48, na mwanawe vivyo hivyo, msikimbilie kusema ni hasadi au jicho. Wapelekeni waliobaki wakapimwe, hata vijana.

Kwenye karatasi ya maabara utaona herufi LDL na HDL. LDL huisambaza lehemu mwilini, na ikizidi hupenya ukuta wa mshipa ikajikusanya humo. HDL huirudisha iliyozidi kwenye ini. Wengi hudhani mshipa huziba kama bomba la jikoni lililoganda samli. Sivyo hasa. Uvimbe hukua ndani ya ukuta wenyewe, miaka na miaka, bila maumivu yoyote. Siku moja uvimbe ule hupasuka, damu ikaganda pale pale, na mshipa ukazibika kwa muda mfupi tu. Ukiwa mshipa wa moyo, hilo ni shambulio la moyo. Ukiwa wa ubongo, ni kiharusi. Ndiyo maana matangani twasikia, "Jana tulikuwa naye, mzima."

Sasa chakula, maana najua ndicho mnachokingoja. Kinachopandisha LDL zaidi ni mafuta yanayoganda: samli, siagi, mafuta ya nyama, na yale mazito ya kukaangia viazi karai. Chupa ya mafuta ya mimea ikijisifu kuwa haina lehemu, haijasema uongo, lakini hiyo ni biashara tu, kwani lehemu hutoka kwa wanyama. Nazi nayo haina lehemu, ila zaidi ya asilimia 80 ya mafuta yake ni ya aina hiyo ya kuganda. Siwaambii muache wali wa nazi. Mimi mwenyewe sitauacha. Lakini wali wa nazi, mchuzi wa nazi na mbaazi za nazi kwa siku moja, hapo tumezidisha. Mbaazi zenyewe ni dawa, nyuzinyuzi zake husaidia kushusha LDL. Zipike kwa tui jepesi, kasimele uiweke kwa siku ya wageni.

Kwa mtu asiye na maradhi mengine, LDL yafaa iwe chini ya 3 kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Mwenye kisukari au aliyewahi kupata shambulio la moyo hutakiwa kuwa chini zaidi, pengine 1.8 au hata 1.4.

Daktari akikuandikia statini, meza. Ami yangu alimeza miezi mitatu, karatasi ikasoma vizuri, akavitupa vidonge akisema kapona. Kumbe ilisoma vizuri kwa sababu ya vidonge! Alipopimwa tena, LDL ilikuwa imerudi kule kule. Siki na kitunguu thomu haviwezi kushika nafasi ya dawa hizi. Misuli ikiuma, rudi kwa daktari, usiache kimyakimya. Na kwa kuwa humezwa mara moja kwa siku, Ramadhani hazina taabu: meza baada ya futari.

Mtu akibanwa kifua ghafla, maumivu yakapanda taya au mkono, na jasho la baridi likamtoka, msimpe soda mkidhani ni gesi. Tafuteni gari saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku wa manane.