Hela ya Mjomba

Mjomba aliitoa sarafu kwenye kopo la maziwa ya unga, imefungwa kitambaa cheusi mara tatu. Tulikuwa barazani kwake Kibiti, baada ya magharibi, na alisubiri mpaka jirani aliyekuwa akipita njiani akapotea ndipo akaifungua.

"Mjomba," aliniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, "wewe umesoma. Nisomee hii."

Niliwasha tochi ya simu. Kulikuwa na taji, mwaka 1916 na herufi T. Upande wa pili namba 20 na neno HELLER. Iling'aa kupita kiasi. Aliniambia aliisugua kwa ndimu na majivu siku mbili.

Watu wawili walikuwa wamemfuata kutoka Dar es Salaam. Walimwambia hiyo ni rupia ya dhahabu ya Mjerumani, ina mnunuzi nje ya nchi, lakini kwanza ilipwe dawa ya kuipima, na mtaalamu wa kuwaondoa majini wanaoilinda. Mjomba alikuwa ameshauza mbuzi wawili. Sasa walitaka zaidi, naye alikuwa anafikiria kuweka rehani shamba la mikorosho.

Uongo wa namna hii hukubalika kwa sababu una punje ya ukweli ndani yake. Dhahabu ya Mjerumani ilikuwepo kweli, na kisa chake kinapita hapa hapa Rufiji.

Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar, kisha ikajificha kwenye mikondo ya delta, katikati ya mikoko. Waingereza waliizingira kwa miezi. Julai 11, 1915, baada ya kupigwa vibaya, Wajerumani waliizamisha wenyewe. Mizinga yake 10 waliiopoa, ikaburutwa na watu kwa kamba na magurudumu hadi Dar es Salaam, ikaendelea kupigana nchi kavu. Mmoja wa mizinga hiyo umewekwa Fort Jesus, Mombasa.

Waingereza walikuwa wamefunga pwani, kwa hiyo hata sarafu kutoka Ujerumani zilikuwa haziji. Askari walitaka mishahara, wapagazi walitaka ujira, wakulima walitaka malipo ya nafaka. Serikali ya kikoloni ikachapa noti hapa hapa nchini, lakini watu hawakuziamini karatasi. Mkulima aliyezoea kuhesabu fedha kwa kuigonga mezani asikie mlio wake, karatasi ingemwambia nini?

Ndipo mwaka 1916, katika karakana ya reli Tabora, mafundi wakaanza kugonga sarafu. Za hela tano na ishirini zilitengenezwa kwa shaba, nyeupe na nyekundu, kwa kuyeyusha vyuma chakavu na maganda ya risasi na mizinga. Wakusanyaji wa sarafu hupenda kusimulia kwamba baadhi ya maganda hayo yalikuwa ya Königsberg. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, huko Iramba. Kwa dhahabu hiyo ziligongwa sarafu za rupia 15, kama 16,000 tu: upande mmoja tai, upande wa pili tembo ameinua mkonga na milima nyuma yake. Ile T chini ni ya Tabora. Septemba 19, 1916, Wabelgiji waliuteka mji, na kazi ya karakana ikaishia hapo.

Leo rupia 15 moja yenye tembo huuzwa mnadani kwa maelfu ya dola. Haihitaji dawa wala mganga. Inahitaji mizani, kwa kuwa ina uzito wa gramu 7 na kitu, na jicho la mtu anayezijua.

Ya mjomba haikuwa na tembo. Ilikuwa hela ishirini, shaba, iliyogongwa kwa wingi. Wakusanyaji huinunua, ila kwa bei isiyofika hata robo ya pikipiki. Na wao hulipia ule weusi wa miaka mingi, ndio unaoonyesha kwamba sarafu haijachezewa. Ndimu na majivu vilikuwa vimeshaula.

Nilimweleza yote hayo taratibu. Nikamweleza na jambo ambalo sikulipata kwenye orodha za minada. Mwanzoni mwa 1917 jeshi la Wajerumani lilirudi nyuma mpaka Rufiji, likakaa masika likila mahindi ya vijiji vya bonde hili. Waingereza nao walikuwa ng'ambo, na wapagazi wao walikuwa wakifa kwa njaa na homa. Mtu aliyelipwa hela ishirini wakati ule angenunua nini, na ghala limeshabebwa? Labda ndiyo maana ikabaki. Labda babu yake mjomba hakuificha kama hazina. Ilikosa tu cha kununua.

Mjomba aliigeuza kiganjani. Kabla ya 1904 rupia moja ya Mjerumani ilikuwa pesa 64. Baadaye ikawa heller 100. Pesa, neno lililotoka India, lilikuwa limeshazoeleka pwani. Heller tuliigeuza kwa ulimi wetu. Shilingi ikaja mwaka 1921, lakini maneno hayo mawili hayakuondoka sokoni. Rupia ndiyo iliyohamia kwenye ndoto, na huko ndiko matapeli wanakofanyia biashara.

"Kwa hiyo," mjomba akasema, "hii ni hela tu."

"Ni hela, mjomba."

Alicheka kidogo, cheko la mtu aliyepoteza mbuzi wawili. Simu yake ikaita. Akaitazama mpaka ikanyamaza, ikaita tena, akaizima. Kisha akaifunga sarafu kwenye kitambaa chake, safari hii mara moja tu, akamwita mjukuu wake mdogo aliyekuwa akichungulia mlangoni.

"Njoo," alimwambia. "Njoo uone hela ya kwanza."