Maandamano ya Fahari kati ya Entebbe na Kakuma, na Nafasi ya Bungoma na Kitale

Maandamano ya fahari ni sherehe ambazo watu wa LGBTQ, yaani mashoga, wasagaji, wapenzi wa jinsia zote mbili, watu waliobadili jinsia na wenzao, hufanya kila mwaka ili kujitokeza mchana kweupe na kudai haki zao. Katika Afrika Mashariki historia yake ni fupi, na ni ya kuhamahama. Yalianza Entebbe, Uganda, mwaka 2012, polisi wakayazima 2016, kisha yakaibuka kwa siku moja katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, mwaka 2018. Miji ya Bungoma na Kitale haina gwaride la kila mwaka la aina hii. Imeingia katika habari hii kwa sababu ya mahali ilipo. Bungoma iko kwenye barabara kuu inayotoka mpaka wa Malaba, na kaunti yake inapakana na Uganda huko Lwakhakha. Kitale nayo ndiyo mlango wa kaskazini, mahali ambapo basi la kwenda Lodwar na Kakuma huiacha nchi ya mahindi na kuelekea Kapenguria, Ortum na Marich.

Asili

Usiku wa kuamkia Juni 28, 1969, polisi wa New York walivamia baa ya Stonewall Inn, na wateja wake, waliokuwa wamezoea kukamatwa kimyakimya, safari hii wakapigana. Mwaka mmoja baadaye, mwisho wa Juni 1970, watu waliandamana New York, Chicago na Los Angeles kuadhimisha tukio hilo. Bendera ya rangi za upinde wa mvua ilikuja baadaye, mwaka 1978, kwa mkono wa Gilbert Baker huko San Francisco. Mwanzoni ilikuwa na rangi nane, na sasa zimebaki sita.

Barani Afrika, gwaride la kwanza lilipita Johannesburg Oktoba 13, 1990, wakati Afrika Kusini ilikuwa bado chini ya sheria za ubaguzi wa rangi. Waliokuwa mbele ni Simon Nkoli, aliyewahi kushtakiwa kwa uhaini kwa sababu ya kupinga ubaguzi huo, na Beverley Ditsie. Waandalizi waliwapa mifuko ya karatasi waliotaka kuandamana bila kutambuliwa, wakaivaa vichwani. Wakosoaji husema mtu aliyejificha uso hana fahari yoyote, lakini hoja hiyo haijui mshahara, mwenye nyumba wala mama mzazi. Aliyevaa mfuko alikuwa amefika barabarani, na kwa mwaka ule hilo lilikuwa jambo kubwa.

Entebbe, 2012 hadi 2016

Uganda ndiyo nchi ya Afrika Mashariki ambako gwaride lilipata kuwa desturi ya kila mwaka, ingawa ndiko lilikotishiwa zaidi. Oktoba 2009 mbunge David Bahati alipeleka bungeni mswada uliopendekeza hata adhabu ya kifo. Oktoba 2010 gazeti dogo la Kampala lililoitwa Rolling Stone (lisilohusiana na lile la Marekani) lilichapisha picha na majina ya watu liliodai ni mashoga. David Kato, mmoja wa waliotajwa, alilishtaki pamoja na wenzake wawili, na mapema Januari 2011 Mahakama Kuu ikawapa haki. Wiki chache baadaye, Januari 26, aliuawa nyumbani kwake Mukono.

Sherehe ya kwanza ilifuata mauaji hayo kwa mwaka mmoja na nusu. Ilifanyika mwanzoni mwa Agosti 2012 katika bustani ya mimea ya Entebbe, kando ya Ziwa Victoria, chini ya uongozi wa Kasha Jacqueline Nabagesera. Bustani ilichaguliwa kwa akili. Iko mbali na msongamano wa Kampala, ina miti mikubwa, ina ufuo, na watu hupenda kwenda kustarehe pale Jumamosi. Waandamanaji walitembea ndani ya bustani na ufuoni wakiwa na bendera, ngoma na mavazi ya kila namna. Polisi walifika baada ya kuambiwa kwamba kulikuwa na harusi ya wanaume. Baadhi ya washiriki walipelekwa kituoni na kuachiliwa bila mashtaka. Uvumi wa harusi ndio pia uliokusanya umati huko Mtwapa, Pwani ya Kenya, Februari 2010, umati huo ukavamia kituo cha afya cha KEMRI. Kwa waliofuatilia habari hizi, kila mara watu wa LGBTQ wanapokusanyika, jirani fulani huona harusi.

Februari 10, 2014, kundi la watu lilisimama mbele ya ubalozi wa Uganda jijini Nairobi kupinga sheria iliyotokana na mswada wa Bahati, iliyokuwa ikisubiri saini, na wengi wao walivaa barakoa, kama wale wa Johannesburg walivyovaa mifuko. Rais Yoweri Museveni aliitia saini Februari 24. Agosti 1 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliifuta kwa kasoro ya utaratibu, kwamba bunge liliipitisha bila akidi. Siku nane baadaye, Agosti 9, waandamanaji walirudi Entebbe. Pengine hakuna gwaride lingine la eneo hili lililokuwa na furaha ya aina hiyo, maana lilikuja moja kwa moja baada ya ushindi mahakamani. La 2015 nalo lilipita salama.

La 2016 halikupita. Usiku wa Agosti 4 polisi walivamia klabu ya Venom, Kabalagala, ambako kulikuwa na shindano la urembo la wiki ya fahari. Walifunga milango, wakawakamata zaidi ya watu kumi, na mtu mmoja aliumia vibaya baada ya kuruka kutoka ghorofa ya juu. Gwaride la Jumamosi likafutwa. Septemba mwaka huohuo waandalizi walijaribu tena, na polisi wakawarudisha njiani kabla hawajaanza. Mwaka 2017 Simon Lokodo, waziri wa maadili, alitishia kukamata watu, na sherehe zikafutwa kabisa. Sheria mpya iliyotiwa saini Mei 2023, yenye kifungo cha maisha na, kwa makosa fulani, adhabu ya kifo, ilifanya hata kuitangaza sherehe ya aina hii kuwa hatari, kwa kuwa inaadhibu kile inachokiita kueneza ushoga kwa kifungo cha hadi miaka 20. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliondoa vifungu vichache na kuiacha sheria yenyewe.

Barabara ya kaskazini

Baada ya Februari 2014 Waganda wengi wa LGBTQ walivuka kuingia Kenya kutafuta hifadhi. Wengi walienda kwanza Nairobi. Lakini Machi mwaka huohuo serikali ya Kenya iliamuru wakimbizi wote wa mijini warudi kambini, Dadaab au Kakuma, na kwa waliotoka Uganda hiyo ilimaanisha mara nyingi Kakuma. Kwa njia ya barabara huko hufikiwa kwa kupitia Kitale. Kutoka Malaba njia fupi inakata Bungoma hadi Webuye, inapinda kaskazini kupitia Kamukuywa na Kiminini, inafika Kitale, kisha zinabaki kilomita zipatazo 300 hadi Lodwar na nyingine zipatazo 120 hadi kambini. Kwa msafiri wa aina hii Kitale ilikuwa stendi tu: pa kununulia maji na mkate, na kukaa kimya lafudhi isije ikamtambulisha.

Kambi ya Kakuma ilianzishwa 1992 kwa ajili ya wakimbizi wa Sudan. Juni 16, 2018, wakimbizi wa LGBTQ walifanya humo gwaride lao, na habari zilizosambaa duniani zililieleza kuwa la kwanza kufanyika ndani ya kambi ya wakimbizi. Ajabu yake ni hii: watu waliofukuzwa kwao kwa sababu ya jambo fulani walilitangaza jambo hilohilo mahali ambapo hawakuweza hata kutoka bila ruhusa. Gharama ilikuja upesi. Matangazo ya vitisho vya kuuawa yalibandikwa kambini, mashambulizi yakaongezeka, na Desemba 2018 wakimbizi wengi wa kundi hilo walihamishiwa Nairobi kwa usalama. Waliobaki hawakupata amani. Machi 2021 bomu la petroli lilirushwa walipokuwa wamelala katika sehemu ya kambi iitwayo Block 13, na mmoja wa waliochomeka akafa hospitalini mwezi uliofuata.

Agosti ya Bungoma

Ukiuliza Bungoma kuhusu maandamano ya Agosti utaelekezwa kwenye sikhebo, tohara ya Wabukusu, ambayo hufanyika Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Mvulana anayengoja kisu huzunguka kwa jamaa zake akipiga chinyimba, kengele za chuma anazogonga kwenye bangili nene za mikononi, na nyuma yake umati unaimba na kuruka hadi matatu zinasimama. Alfajiri ya siku yenyewe hupelekwa mtoni kupakwa tope, kisha hurudishwa uani kwa babaye huku watu wakiimba Sioyaye. Trans Nzoia, ambako Wabukusu ni wengi, mambo ni yayo hayo, na ng'ambo ya mpaka Wagisu wa Mbale wana imbalu yao. Kwa nasibu magwaride ya Entebbe ya 2012 na 2014, pamoja na lile lililovunjwa 2016, yote yaliangukia katika majira hayo.

Jambo hili si la pembeni. Hoja inayosikika sana dhidi ya fahari ni kwamba Mwafrika hatembezi mambo ya mwili wake barabarani. Agosti ya Bungoma inaijibu hoja hiyo bila kukusudia, kwa kuwa barabara nzima hufungwa kwa ajili ya mwili wa mvulana mmoja, na nyimbo za wazi ambazo mwezi Julai zingemletea mtu fedheha huimbwa na wazee. Ugumu halisi wa gwaride la fahari katika eneo hili uko kwingine. Barabara tayari ina mwenyewe. Ni jukwaa la kumfanya mtu mwanamume mbele ya ukoo, na asiyeingia katika mpangilio huo hana wimbo wa kuimbiwa.

Sheria na mahakama za Kenya

Kwa Katiba ya 2010, ibara ya 37, kila mtu ana haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Sheria ya utulivu wa umma haidai kibali. Inadai taarifa tu, ipelekwe kwa mkuu wa kituo cha polisi si chini ya siku tatu na si zaidi ya siku 14 kabla. Kwa maandishi, basi, gwaride la Bungoma au la Kitale linahitaji barua moja. Linalolizuia ni kanuni ya adhabu iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza, ambayo kifungu chake cha 162 kinatoa kifungo cha miaka 14 kwa kile inachokiita tendo kinyume cha maumbile, pamoja na woga wa kuonwa na jirani, mwajiri na mchungaji.

Ndiyo maana harakati za Kenya zilikwenda kwa wakili kabla ya kwenda barabarani. GALCK, muungano wa mashoga na wasagaji wa Kenya, uliundwa 2006. Januari 2007, Kongamano la Kijamii la Dunia lilipofanyika Kasarani, Nairobi, wanaharakati walifungua hema lao lililoitwa Q-Spot, na Wakenya wengi waliingia humo kuuliza maswali waliyokuwa hawajawahi kuyauliza mahali popote. Magharibi mwa nchi na Bonde la Ufa kazi hiyo ilibebwa na NYARWEK, muungano wenye makao Kisumu. Mikutano ya aina hii hufanyika kwenye kumbi na vituo vya afya, si kwenye lami.

Mei 24, 2019 Mahakama Kuu Nairobi ilikataa kufuta vifungu vya 162 na 165. Februari 24, 2023 Mahakama ya Juu, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba serikali ilikosea kukataa kusajili NGLHRC, tume ya kutetea haki za mashoga na wasagaji. Hukumu hiyo ya usajili wa jina tu ilizua ghasia kubwa kuliko ile ya 2019. Mbunge George Kaluma wa Homa Bay Mjini alimwandikia Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, ambaye mwenyewe ni wa Bungoma, akieleza nia ya kuleta mswada wa adhabu kali zaidi. Ombi lake la kutaka Mahakama ya Juu ibadili uamuzi lilitupwa Septemba mwaka huo.

Eldoret, mji mkubwa ulio jirani zaidi na Kitale, una kesi mbili ambazo watu wa eneo hili huzitaja. Mapema Januari 2023 mwili wa Edwin Chiloba, mwanamitindo kijana, ulipatikana ndani ya sanduku la chuma lililotupwa kando ya barabara. Aliyemuua alihukumiwa miaka 50 gerezani Desemba 2024. Agosti 2025, katika mahakama ya mji huohuo, Jaji Reuben Nyakundi aliamua kwamba haki za mwanamke aliyebadili jinsia zilivunjwa alipokuwa kizuizini, akaagiza alipwe fidia na itungwe sheria ya kuwalinda watu kama yeye. Kifungu cha 162 hakikuguswa, na adhabu yake imebaki miaka 14.